Kufundisha wanafunzi wa chuo kutafuta habari maktaba: mkutubi muite wakati asaimenti iko mkononi

Walimu wenzangu wa vyuo hapa Lamu, hii kazi ya kuwafundisha wanafunzi kutafuta habari tusiifanye peke yetu, mkutubi yupo na hio ndio fani yake. Shida ni vile tunavyomtumia. Wanafunzi wakiripoti wiki ya kwanza tunawapeleka maktaba mara moja, wanaonyeshwa rafu na sheria za kuazima alafu basi, asaimenti ikija hakuna anaekumbuka kitu. Mkutubi aje darasani wiki ile ile swali linapotoka, manake mtu hushika vizuri akiwa na kitu anakitafuta kweli.

Kabla hujawapa swali mpelekee yeye kwanza alisome. Atakwambia vitabu vipo ama havipo, na kama kopi ni moja na darasa limejaa, ataiweka pembeni isomewe hapo hapo isiazimwe. Hili tu likifanyika ushaokoa nusu ya malalamiko.

Siku ya somo, mpe saa nzima na topiki ya kweli. Chukua mikoko. Mwanafunzi atakuja na "mikoko ya Lamu" na hio ni pana mno, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii, sasa ataanzia wapi? Mkutubi aiandike ubaoni aulize, watu gani? mwaka gani? jambo gani hasa? wabishane kidogo mpaka wafike kwa mfano katazo la serikali la kukata miti la 2018 liliwaathiri vipi wakataji boriti. Hapo pana kitu cha kutafuta.

Alafu yaje maneno, na hapa ndipo wengi hukwama. Makala mengi ya utafiti yako kwa Kiingereza, ukiandika mikoko peke yake kwa Google Scholar, ule mtandao wa kutafuta makala za utafiti, utapata machache, kwa hivyo weka mangrove, tena jaribu jina la kisayansi, mkoko wenyewe ni Rhizophora mucronata na mchu, aina nyingine ya mikoko, ni Avicennia marina. Kwenye databesi nyingi, yaani hazina za makala mtandaoni, AND inaleta makala yenye maneno yote mawili, OR inaleta yenye neno lolote kati ya hayo, na maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za kunukuu. Waache wajaribu kwa simu zao hapo hapo, mkutubi akizunguka kuangalia.

Makala ikidai pesa wasilipe! Wamuulize mkutubi kwanza, huenda chuo kimeshalipia na passwadi anayo yeye, na DOAJ, orodha ya majarida mtandaoni, ni jarida za bure tupu.

Rafu nazo zisisahauliwe. Kwa namba za Dewey, zile za kupanga vitabu kwa mada, misitu iko 634.9 lakini historia ya Kenya ni 967.62, yaani topiki moja inakutembeza rafu mbili, na mwanafunzi asieambiwa hivyo ataangalia moja aseme hakuna kitu.

Wafundishe pia kuuliza namba imetoka wapi. Akiandika idadi ya watu wa Lamu kutoka blogu fulani, mrudishe kwa sensa yenyewe ya 2019, watu 143,920, imo kwenye ripoti za KNBS, shirika la takwimu la Kenya, na mkutubi atamuonyesha.

Maksi sasa. Usisahihishe insha peke yake, waambie waandike ukurasa mmoja: maneno gani walijaribu, wapi, walipata nini, wakaacha nini na kwa sababu gani. Upe ukurasa huo maksi za maana, kama 10 kati ya 30, na uusome pamoja na mkutubi, wallahi mtaona wazi nani anahitaji kukaa nae tena.

Kama chuo chako hakina mkutubi, Ngome ya Lamu kuna maktaba. Ila usiwatume darasa zima ghafla, nenda mwenyewe kwanza ukamuamkie mhusika, umuachie nakala ya swali na umuulize siku gani pana nafasi.