Yaya, picha za mtoto wa bosi zisiingie kwenye galari yako

Mama wa mtoto ninayemlea Masaki anajulikana na watu wengi, na picha za mtoto tunatumiana WhatsApp kutwa nzima. Juzi nimejifunza hili: kwenye simu ya Android, fungua mazungumzo yako naye, gusa jina lake pale juu, tafuta sehemu ya kuonyesha picha kwenye galari, chagua Hapana. Picha atakazokutumia utaziona kwenye mazungumzo lakini hazitaonekana kwenye galari, hazitachanganyika na zako. Hapo huwezi kuipandisha moja kwa bahati mbaya ukichagua picha ya stetasi, wala fundi simu hazioni akifungua galari. Picha moja ya mtoto na sare ya shule, nyuma yake geti na namba ya gari, inamwonyesha mtu mbaya pa kumkuta. Hilo linanitisha kuliko kufukuzwa kazi.

Haisaidii kwa picha za zamani, hizo zifute mwenyewe. Wala kwa unazopiga kwa kamera ya simu yako, maana zinakaa galari vilevile. Za kwenye sherehe mimi sasa napiga kwa simu ya mama mwenyewe.