Intaneti ya Umma Shehiani: Namna ya Kuidai na Kuilinda, Hatua kwa Hatua

Watu wa shehia wanapolalamikia mtandao, mara nyingi huwa wanalalamikia mambo matatu kwa sauti moja. Mmoja hana mawimbi kabisa. Wa pili mawimbi anayo, ila bando linamshinda. Wa tatu ana vyote viwili, lakini kila akitaka kuandika jambo kuhusu kiongozi wake, vidole vinasita. Mwongozo huu ni wa shehia yoyote ya Unguja au Pemba inayotaka kuyadai yote matatu bila kuyachanganya. Tunaifanya kazi hii kwa kujitolea huku Kaskazini Pemba, kwa hivyo mifano yangu mingi itanuka karafuu na mwani.

Hatua ya 1: Jueni mnalia na lipi

Anzeni barazani, lakini msiishie hapo. Baraza la jioni ni la wanaume na vijana. Kinamama wa mwani hamtawapata, na wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana, hata majumbani hamtawakuta kwa sababu wako pwani. Pangeni kikao chao siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Nendeni pia dikoni wanakoshushia samaki wavuvi, na kwa mwalimu mkuu wa skuli.

Swali la "mnataka intaneti?" halina faida, kila mtu atajibu ndiyo. Ulizeni hivi: mara ya mwisho ulipoitaka ukaikosa, ulikuwa unataka kufanya nini? Hapo ndipo majibu hutoka: kuangalia matokeo ya mtihani, kujaza fomu ya mkopo wa chuo, kuzungumza na mume aliyeko Muscat, kujua bei kabla ya mnunuzi hajafika. Andikeni majibu kama yalivyosemwa, bila majina. Mtayahitaji kwenye barua.

Hatua ya 2: Pimeni

Ukimwambia ofisa "mtandao mbovu", atakujibu "tunalifanyia kazi", na mazungumzo yamekwisha. Ukimwekea daftari mbele yake, itambidi alitazame.

Daftari la kawaida la skuli linatosha. Chora safu saba: tarehe, saa, mahali, kampuni ya simu, alama inayoonekana kwenye simu (E, H, 4G), kasi, na kama umeme upo au umekatika. Chagueni sehemu nne au tano ambazo watu wanazitumia kweli: skuli, kituo cha afya, dikoni, sokoni, ofisi ya sheha. Pimeni saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku, kwa muda wa wiki mbili. Saa 2 usiku ndipo mtandao unapolemewa, kila mtu yuko nyumbani na simu mkononi. Tahadhari kidogo: programu za kupima kasi zinakula bando, na mtandao ukiwa na kasi kipimo kimoja tu kinaweza kumaliza makumi ya megabaiti. Wekeni fungu dogo la vocha kwa wapimaji, msiwaachie mzigo huo mifukoni mwao.

Safu ya umeme msiidharau. Pemba inapata umeme wa gridi kupitia waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na mnara wa simu nao unakula umeme uleule. Kama daftari linaonesha mawimbi yanapotea kila umeme ukikatika, basi hamna haja ya kudai mnara mpya. Daini betri au jenereta kwenye mnara uliopo. Dai hilo ni dogo, ni jepesi kutekelezwa, na kampuni haiwezi kusema halina tija kibiashara.

Bei nayo ina kipimo chake. Tume ya Broadband ya Umoja wa Mataifa iliweka lengo kwamba gharama ya msingi ya intaneti isizidi asilimia 2 ya wastani wa kipato cha mwezi cha mtu nchini. Kwa kipimo hicho, familia inayopata Sh 100,000 kwa mwezi inatakiwa isilipe zaidi ya Sh 2,000. Chukueni bei ya gigabaiti moja dukani kwenu siku hiyo, muiweke pembeni ya kipato cha mkulima wa mwani, na hesabu ikae ukurasa wa kwanza wa daftari.

Hatua ya 3: Jueni mlango wa kugonga

Hapa ndipo jitihada nyingi za Zanzibar zinapofia. Watu wanaandika barua nzuri, wanaipeleka ofisi isiyohusika, ofisi inakaa kimya, watu wanakata tamaa.

Posta na simu zimo katika orodha ya mambo ya Muungano kwenye Katiba ya 1977. Kwa hiyo minara, masafa, bei za bando na ubora wa huduma viko chini ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2003 na ambayo ina ofisi Zanzibar. Upo pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, ambao kazi yake ni kupeleka mawasiliano sehemu ambazo makampuni hayaoni faida. Kama tatizo lenu ni kukosa mawimbi, huo ndio mlango.

Lakini skuli, maktaba, vituo vya afya na ofisi za wilaya ni mambo ya Serikali ya Mapinduzi. Mkonga wa TEHAMA, yaani waya mkuu wa intaneti, unaopita Unguja na Pemba uko kwa Wakala wa Miundombinu ya TEHAMA Zanzibar, yaani ZICTIA. Mkitaka maktaba ya skuli iunganishwe na wananchi waruhusiwe kuitumia, barua haiendi TCRA. Inakwenda wizara ya elimu, na nakala kwa ZICTIA.

Wanasiasa nao wamegawika hivyo hivyo, na hii ni bahati yetu ambayo Bara hawana. Kila jimbo la Zanzibar lina Mbunge anayekaa Dodoma na Mwakilishi anayekaa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Suala la mnara mpeni Mbunge. Suala la maktaba mpeni Mwakilishi. Mkimpa kila mmoja lake, hakuna atakayesema "hilo la mwenzangu".

Kama hakuna kampuni inayokuja na Mfuko haujafika, zungumzieni mtandao wa jamii, yaani wanakijiji kumiliki vifaa vyao wenyewe. Kondoa kule Dodoma wamefanya hivyo kwa msaada wa wahadhiri wa chuo kikuu. Ni kazi nzito na ina masuala ya leseni, kwa hivyo mimi singeanza nayo.

Hatua ya 4: Andikeni barua inayojibika

Barua moja, ombi moja. Ipitie kwa Sheha, naye aweke saini na mhuri; Sheha asiyeshirikishwa mwanzo atakuwa kikwazo mwisho. Mfano:

*YAH: OMBI LA KUUNGANISHIWA INTANETI MAKTABA YA SKULI*

*Sisi wazazi na vijana wa shehia ya ……… tunaomba maktaba ya skuli yetu iunganishwe na mkonga wa TEHAMA na ifunguliwe kwa wananchi wote kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni. Tumeambatanisha vipimo vya wiki mbili pamoja na maelezo ya wananchi. Tunaomba kujibiwa ifikapo tarehe ………; na kama ombi hili halimo katika mipango ya mwaka huu, tuelezwe litaingizwa mwaka gani.*

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Ofisa anaweza kukataa ombi, ila kukataa kutaja mwaka ni vigumu zaidi.

Ipelekeni kwa mkono, masjala, mkiwa na kopi ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa. Angalieni na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na Baraza la Wawakilishi hujadili bajeti kuanzia Mei. Barua inayofika Mei imekuta chungu kimeshaepuliwa. Yenu ifike Novemba au Disemba.

Malalamiko dhidi ya kampuni ya simu yana utaratibu wake: kwanza kampuni yenyewe, mpewe namba ya lalamiko, kisha TCRA msiporidhika. Bila namba hiyo mtarudishwa.

Mkitaka taarifa, kwa mfano kwa nini kituo cha TEHAMA cha wilaya kimefungwa, msiitaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ile ni ya Tanzania Bara. Tajeni Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, kinachompa raia haki ya kutoa maoni na ya kupewa habari za mambo muhimu kwa jamii.

Hatua ya 5: Wekeni masharti kabla waya haujafika

Wengi hufurahia kuunganishwa wakasahau kuuliza wanaunganishwa kwa masharti gani. Ulizeni mapema, wakati bado mnasikilizwa.

La kwanza ni majina. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe waweke kamera, wasajili kila mtumiaji kwa kitambulisho na wahifadhi kumbukumbu hizo miezi 12. Zilifutwa na kanuni za 2020, nazo zikarekebishwa 2022, kwa hivyo siku ya kufungua kituo chenu cha intaneti someni toleo linalotumika siku hiyo. Lile linalolazimishwa na kanuni, tekelezeni. Lisilolazimishwa, msilibuni. Nimeona daftari la kituo limeachwa wazi mezani, na majina, namba za simu na namba za vitambulisho yanasomwa na kila apitaye. Hakuna kanuni iliyotaka hivyo. Daftari likae kabatini na funguo awe nazo mtu mmoja anayejulikana.

Wi-Fi ya bure inayotaka namba ya simu nayo ni daftari, ila halionekani. Mfadhili aulizwe kwa maandishi: namba hizi anakaa nazo nani, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuziomba? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana. Inagusa Zanzibar kwa mambo ya Muungano, na mawasiliano ni mojawapo. Mfadhili anayeudhika kwa swali hili, muogopeni kidogo.

La pili ni wanawake. Tengeni saa zao, awepo msimamizi wa kike, na skrini zielekee ukutani. Bila hayo, baada ya mwezi kituo kitakuwa maskani ya vijana wanaoangalia mpira, na ukhti aliyekuja kujaza fomu ataishia mlangoni.

La tatu, vichujio, yaani programu za kufunga tovuti fulani. Kuwakinga watoto ni sawa, lakini orodha ya kinachofungwa ibandikwe ukutani ili kila mtu ajue. Orodha ya siri huwa inarefuka.

Hatua ya 6: Mlinde anayesema

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar. Kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua Sh milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ndiyo maana daftari la vipimo ni kinga pia. "Tarehe fulani, saa 2 usiku, kituo cha afya, hakuna mawimbi" ni neno lenye ushahidi. "Wamekula pesa za mnara" si vipimo. Kama hamna nyaraka, liacheni.

Kundi la WhatsApp la kampeni liwe na wasimamizi wawili na ujumbe unaojifuta. Simu ziwe na namba ya siri. Kila mwanakamati apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Asiyoitambua aende ikafutwe. Kuhusu VPN, programu inayoficha mtu anatembelea tovuti gani, TCRA ilitoa tangazo Oktoba 2023 likitaka wanaoitumia watoe taarifa zao, basi msiwafundishe watu kuiwasha bila kuwaambia hilo.

Polisi wakitaka simu, mtu asibishane wala asikimbie. Aombe kuona amri ya upekuzi, ambayo kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao inaweza kutolewa na mkuu wa kituo, na aombe hati ya kilichochukuliwa. Kisha apigiwe msaidizi wa sheria wa wilaya au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Namba hizo ziandikwe karatasini, maana simu ndiyo iliyochukuliwa.

Hatua ya 7: Jiandaeni na siku ya kuzimwa

Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurudi. Miaka mitano nyuma, kuelekea uchaguzi wa 2020, mitandao ya kijamii ilibanwa. Kwa hivyo kalenda mnaijua.

Kabla ya siku ya uchaguzi, gawaneni orodha ya namba kwenye karatasi, kila mtu awapigie watatu. Programu ya OONI Probe hupima kama tovuti fulani imefungwa, ila matokeo yake huchapishwa hadharani pamoja na jina la mtandao uliotumika. Anayeitumia ajue hilo na aridhie mwenyewe. Wakati wa kuzimwa, andikeni hasara kila siku: mgonjwa ambaye daktari hakumpata, tiketi ya boti iliyoshindikana, mnunuzi wa mwani aliyeghairi.

Mtandao ukirudi, unganisheni kumbukumbu hizo na Azimio la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu la 2019, ambalo kanuni yake ya 38 inazitaka nchi zisikate wala zisiridhie kukatwa kwa intaneti. Nakala moja ipelekeni ofisi ya Zanzibar ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, mgongewe mhuri kwenye kopi. Ya pili abaki nayo katibu, na ya tatu ihifadhiwe na mtu asiyekuwemo kwenye kamati.