Kongamano lako la kwanza la kemia, ukitokea Amu

Kongamano langu la kwanza la kemia lilikuwa Malindi, mwezi wa Julai, kusi imekaza, nami nimetoka Amu, yaani Lamu, na bango la utafiti wangu refu kuliko mdogo wangu. Kama mwaka huu ni zamu yako, haya ndiyo ningependa mtu aniambie mapema.

Anza na ikisiri, ule muhtasari mfupi wa utafiti unaowatumia waandaaji, maana hiyo ndiyo tiketi. Yangu niliijaza majina ya kemikali tangu mstari wa kwanza. Nikamsomea ami yangu barazani. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, maji yana munyu au hayana?" Nikaifuta yote. Utafiti wangu ulihusu visima: maji matamu ya Amu yamo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, maji ya mvua yaliyochujwa na mchanga yakielea juu ya maji ya chumvi ambayo ni mazito zaidi. Ukiyavuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Hilo likawa sentensi ya kwanza, na kemia ikafuata nyuma. Mtafute mtu asiyekuonea haya, umsomee kabla hujatuma.

Bango la A0 ni milimita 841 kwa 1,189. Waulize waandaaji kama ubao wao umesimama au umelala, na faili ulipeleke dukani likiwa PDF. Mimi nilipeleka la kawaida. Vile vitarakimu vidogo vya AgNO₃, yaani nitrati ya fedha, vikatoka visanduku vitupu, nikalipa mara mbili. Likishachapwa, likunje ndani ya bomba la plastiki, lile la mafundi wa maji, uzibe ncha zote mbili kwa mifuko, kwa sababu boti ya kwenda Mokowe wakati wa kusi hurusha maji hadi usoni. Basini utingo atataka kulitia kwenye buti. Mkatalie. Langu lilikaa kati ya magoti yangu mpaka Malindi.

Sasa vidole. Nilipima kloraidi, ile sehemu ya chumvi iliyomo majini, kwa njia ya mkemia Mohr, ya tangu 1856. Maji ya kisima unayatia kromati ya potasiamu, yanakuwa manjano. Kisha unadondosha nitrati ya fedha kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, tone kwa tone, huku ukitikisa chupa, mpaka itokee rangi ya tofali na ikatae kuondoka. Tone la nitrati likikuangukia kidoleni hulioni siku hiyo. Kesho yake kidole ni cheusi na sabuni haikisaidii. Niliingia ukumbini na vitatu vya namna hiyo. Mhadhiri mmoja, mama wa makamo, akanishika mkono: "Hii piko? Umeolewa lini?" Nikamwambia ni fedha. Alicheka, tukakaa nusu saa tukizungumza bureti. Vaa glavu, lakini yakishatokea usifiche mikono mfukoni.

Kwenye bango simama pembeni, usilizibe, wala usimsomee mtu yale yaliyoandikwa; macho anayo. Uwe na maneno ya dakika moja. Yangu yalikuwa: "Hivi ni visima vitano. Shirika la Afya Duniani linasema kloraidi ikipita miligramu 250 kwa lita, ulimi huanza kuitambua. Hiki cha D kimepita." Halafu nyamaza. Visima nilivipa herufi kwa sababu wenyewe niliwaahidi sitawataja.

Swali usilolijua litakuja tu. Profesa mmoja mwenye ndevu nyeupe aliniuliza, "Na bromaidi je? Humo si imehesabiwa pamoja na kloraidi?" Bromaidi ni ndugu ya kloraidi, nayo imo kwenye maji ya bahari. Moyo ukanishuka. Usibuni jibu. Nilisema, "Sikuitenganisha, nitaangalia," nikaliandika daftarini mbele yake. Usiku nikatafuta: lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 19,000 za kloraidi, na za bromaidi kama 65. Kweli fedha huzinasa zote mbili, ila kwa chumvi ya baharini tofauti yake ni ndogo mno kunibadilishia jibu. Asubuhi wakati wa chai nilingoja amalize mahamri yake, nikamwendea: "Shikamoo profesa. Lile swali la jana..." Akanivutia kiti. Mihadhara mikubwa ya siku ile siikumbuki vizuri; kile kiti nakikumbuka.

Viazi karai vile vile vimo kwenye chai. Kula, lakini unawe kabla ya kurudi kwenye karatasi yako.

Siku ya mwisho wengi huacha mabango yao ukutani wakakimbilia basi. Lako libandue, urudi nalo. Langu ami amelitundika ukumbini kwake, na kila mgeni anayeingia anauliza kisima D ni cha nani. Simwambii mtu, na ami naye hajaacha kujaribu.