Umeumia kazini? Anza na maneno utakayomwambia nesi

Mimi ni karani wa mahudhurio kwenye kiwanda cha mbao hapa Tabora, mwaka wa 19 sasa. Kazi yangu ni daftari: nani kaingia, saa ngapi, yuko mashine ipi, katoka lini. Naandika haya kwa sababu daftari langu liliwahi kumponza mtu, na tangu siku hiyo kila anayeumia pale kwetu huwa namfuata mwenyewe kabla hajapanda bodaboda ya hospitali.

Ilikuwa Februari 2018, mvua inanyesha, umeme unakatika na kurudi. Kijana mmoja wa Kasulu alikuwa kwenye mashine ya randa. Ubao uliruka, mkono ukafuata. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaenda. Wenzake walimfunga kitambaa, akapelekwa Kitete, hospitali ya mkoa. Jioni msimamizi akaniambia, "Dada, muandike hayupo, mambo yake bosi atayamaliza." Nikaikata tiki ya asubuhi, nikaandika hayupo. Nikaendelea kuandika hivyo siku 23. Bosi alimpa shilingi 50,000 ya supu, na pale kiwandani ikaonekana jambo limekwisha.

Miezi tisa baadaye kijana alipoanza kudai fidia, aliambiwa kwamba siku ile hakuwepo kazini, labda aliumia akipasua kuni nyumbani, na ushahidi ni daftari. Mwandiko ulikuwa wangu. Kilichomwokoa ni karatasi ya hospitali. Nesi alimuuliza, "Imekuwaje?" Akajibu, "Mashine ya randa, kazini." Nesi akaandika maneno hayo hayo, na tarehe, na saa. Baadaye na mimi niliandika maelezo yangu na kusaini, nikaeleza nilichofuta na aliyeniambia nifute.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya fomu na kabla ya ofisi yoyote, kuna sentensi moja unayopaswa kuisema pale mapokezi: nimeumia kazini, mahali fulani, nikifanya kazi fulani, kwa kifaa fulani. Usiseme tu "nimejikata". Usiseme "nimeanguka". Kama umezimia, mwenzako aliyekusindikiza aseme hivyo. Halafu kabla ya kutoka omba uone kilichoandikwa. Karatasi ya siku ya kwanza ni vigumu kuibishia, kwa sababu iliandikwa kabla mtu yeyote hajafikiria pesa.

Fidia inatoka wapi

Watu wengi hawadai kwa sababu wanaona wanamdai bosi, na bosi ndiye anayewalisha. Sivyo. Kwa Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, tuliozoea kuuita WCF. Sheria yake ni ya mwaka 2008, Mfuko ukaanza kazi Julai 2015. Kila mwajiri, wa serikali na wa binafsi, anatakiwa kujisajili na kuchangia kila mwezi asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Ukilipwa shilingi 400,000, mchango wako ni shilingi 2,000, na unatoka mfukoni mwa mwajiri, si kwenye mshahara wako. Ukiona makato ya WCF kwenye karatasi yako ya mshahara, uliza siku hiyo hiyo, maana sheria hairuhusu.

Kwa hiyo unapodai hugombani na mtu. Michango imelipwa kwa ajili ya siku kama hii. Nimewaeleza hivyo wenye karakana wawili watatu wa hapa mjini na nimeona sura zao zikilegea, maana nao waliogopa kwamba kukiri ajali ni kujitia hasara. Hasara kubwa ni kuificha.

Taarifa

Sheria inataka mwajiri aambiwe mapema iwezekanavyo, kwa mdomo au kwa maandishi, na wewe au na mtu kwa niaba yako. Mimi nasema maandishi. Chukua karatasi ya daftari la shule, andika jina lako, tarehe, saa, sehemu, ulikuwa unafanya nini, nani alikuona, umeumia wapi. Andika nakala mbili. Moja mpe msimamizi, ya pili asaini kwamba amepokea. Akikataa kusaini, ipige picha kwa simu karatasi hiyo ikiwa mezani kwake, umtumie na ujumbe wa kawaida: "Shikamoo bosi, nimeacha barua ya ajali yangu ya leo ofisini kwako." Ujumbe una tarehe na saa yake, nao haufutwi na karani.

Mwajiri akishajua, ana siku 7 za kuutaarifu Mfuko. Siku hizi wengi wanafanya kwa mtandao, kwenye akaunti ya mwajiri. Muulize kwa heshima, "Taarifa yangu imekwenda lini, na namba yake ni ipi?" Kama hakuna namba, hakuna taarifa. Mwajiri akipiga chenga, wewe au ndugu yako mnaweza kuwasiliana na Mfuko wenyewe, au kwenda ofisi ya kazi ya mkoa mkaelezwe pa kupita.

Muda wa mwisho ni miezi 12 tangu ajali. Kijana wetu aliamka mwezi wa tisa, akaponea chupuchupu. Nimewaona walioamka mwaka wa pili, wana makovu na hawana dai. Mwezi ule wa kwanza ambao maumivu yamekujaa na bosi anakuletea supu ndio mwezi wa kuandika.

Kama umeumia barabarani ukiwa kwenye gari la mwajiri linalowachukua kazini au kuwarudisha, hiyo nayo ni ajali ya kazini. Hapo ongeza ripoti ya polisi na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu.

Ugonjwa ni mgumu kuliko jeraha

Kidole kilichokatika kila mtu anakiona. Mapafu nani ayaone? Hapa naomba nikae kidogo.

Tulikuwa na fundi mzee, namwita Baba kwa heshima, aliyepasua mninga miaka mingi. Mninga mnaujua, mti wetu wa miombo, fanicha zake zinakwenda mpaka Dar es Salaam. Unga wake ni mwembamba, unaingia puani, unakaa kwenye nyusi, na kuna watu unawaletea pumu au upele wa ngozi. Baba alianza kukohoa usiku. Jumapili na sikukuu kifua kilitulia, Jumatatu mchana kinabana tena. Akapimwa kifua kikuu, hana. Akapewa dawa za kikohozi, zikaisha, akapewa nyingine. Nilipomuuliza kama aliwaambia madaktari kazi yake, akasema, "Mwanangu, hawakuuliza, nami niliona ni umri."

Basi tukaketi chini ya mwembe, tukaandika historia yake ya kazi. Hii ndiyo karatasi muhimu kuliko zote kwa mwenye ugonjwa, na hakuna atakayekuandikia kama hukuianza mwenyewe. Mwaka gani hadi mwaka gani, kiwanda gani, mashine gani, mbao gani, saa ngapi kwa siku, mlipewa barakoa au mlifunga vitambaa, dirisha lilikuwepo au halikuwepo. Kisha dalili: zilianza lini, zinazidi siku zipi, zinapungua lini, na nani mwingine kwenye mashine hiyo anakohoa. Ile ya Jumapili kutulia na Jumatatu kubana, iandike kwa herufi kubwa. Daktari akiisoma anajua aelekeze wapi macho: picha ya kifua, kipimo cha kupuliza pumzi, na kwa waliokaa na mashine za kelele, kipimo cha masikio.

Sheria ya fidia ina orodha ya magonjwa ya kazi: ya mapafu kwa vumbi, pumu ya kazini, ngozi, usikivu ulioharibiwa na kelele, sumu za kemikali na mengineyo. Ugonjwa wako ukiwa kwenye orodha na kazi yako ndiyo inayouleta, dai lina miguu ya kusimamia. Usisubiri upone au uzidiwe. Siku daktari anapoutaja ugonjwa na kuuhusisha na kazi, toa taarifa kwa mwajiri kama vile umekatwa na msumeno.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inataka mfanyakazi apimwe afya anapoanza kazi, akiwa kazini, na anapoondoka. Kile cheti cha kwanza ni dhahabu. Kinasema uliingia na mapafu mazima. Omba nakala uifiche nyumbani pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

Kibarua na wa mashamba ya tumbaku

Kila msimu vijana wanashuka kutoka Kibondo, Kasulu na Buhigwe kuja kwenye tumbaku za Urambo na Kaliua. Wanachuma majani yenye umande, nguo zinalowa, na nikotini inapenya kwenye ngozi. Jioni kichefuchefu, kichwa kinagonga, wengine wanatapika hadi asubuhi, na wenyeji wanasema ni kuzoea tu. Si kuzoea, ni sumu ya jani. Wengine wanapuliza dawa za wadudu bila glavu. Mkulima anayelima shamba lake mwenyewe hana mwajiri, hivyo dai hili halimhusu. Lakini aliyeajiriwa, hata kwa mkataba wa mdomo, anahusika.

"Mimi kibarua tu" ni maneno yanayonikera sana. Kwa sheria za kazi, kama umemfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, unahesabiwa mfanyakazi mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Shida yako ni kuthibitisha. Basi uwe na kijidaftari cha mfukoni: tarehe, kazi, malipo. Malipo ya simu yasifute. Ujumbe wa pesa wenye jina la aliyekutumia unaonyesha uhusiano wenu vizuri kuliko kiapo.

Unalipwa nini

Kuna matibabu. Kuna malipo ya muda usipoweza kufanya kazi, ambayo ni asilimia 70 ya mshahara wako wa mwezi: kwa wa 400,000 ni shilingi 280,000, na yanaweza kwenda mpaka miezi 24. Matibabu yakishafika mwisho wake, daktari aliyefunzwa tathmini hiyo anapima ulemavu uliobaki kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 kushuka, unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi 30, ni pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo siku ya tathmini usijikaze kiume. Daktari akikuambia funga ngumi na huwezi, onyesha kwamba huwezi. Mwambie na unayoshindwa nyumbani, kufunga vifungo, kushika jembe, kubeba ndoo.

Kuna pia utengamao, yaani kurudishwa kwenye uwezo wa kazi, kuna posho ya anayemhudumia mtu asiyejiweza, kuna msaada wa mazishi, na pensheni kwa wategemezi wa marehemu. Mama mjane, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vianze kutafutwa mapema, maana cheti cha mtoto aliyezaliwa kijijini kinaweza kukuchelewesha kuliko Mfuko.

Bahasha

Weka vyote pamoja kwenye bahasha moja: kitambulisho cha NIDA, mkataba au barua ya kazi, karatasi za mshahara za miezi ya karibuni, taarifa ya ajali yenye saini, karatasi zote za hospitali kuanzia ile ya siku ya kwanza, risiti za dawa na nauli, namba ya akaunti ya benki, majina na simu za mashahidi. Majina yafanane herufi kwa herufi. Kazini wanakuita kwa jina la babu, NIDA ina jina la baba, hospitali imeandika la utani: hapo faili linasimama, na kosa si la Mfuko. Toa nakala za kila kitu, asili usiache mezani kwa mtu bila kuandikiwa kwamba amepokea.

Jibu likija kwamba dai limekataliwa, soma sababu. Mara nyingi linakosekana jambo moja tu. Una haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya na Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, na usiporidhika kuna ngazi za juu yake. Barua ya kuomba mapitio ijibu ile sababu iliyoandikwa, usianze kusimulia uchungu upya.

Faili la kijana wa Kasulu lilirudi mara mbili. Mara ya kwanza ni daftari langu. Mara ya pili jina: kiwandani tulimwandika kwa jina la ubatizo, NIDA halimo. Alikwenda kuapa hati ya kiapo, nami nikapiga muhuri barua ya utambulisho. Mara ya tatu lilipokelewa, akalipwa kwa mkupuo, akanunua cherehani mbili. Mkono wa kushoto unashikilia kitambaa vizuri tu. Kwenye daftari langu sasa kuna safu ya nne, niliichora mwenyewe kwa rula baada ya "kaingia", "katoka" na "hayupo". Inaitwa "kaumia", na huwa naijaza kabla mhusika hajatoka getini.