Somo: Kuikagua video ya sifa kabla hujaituma kwenye grupu

Habari zenu wanachama. Leo tunashika video zinazosifu watu wakubwa, zile zilizotengenezwa kwa akili mnemba (AI). Za kuchafua tumeshaonywa sana: mwanasiasa anawekewa matusi mdomoni, msanii anabandikwa kwenye mwili usio wake. Hizo hukanushwa upesi kwa sababu aliyechafuliwa anapiga kelele. Video ya sifa haina mlalamikaji. Anayesifiwa amenyamaza, wanaompenda wamefurahi, na yule aliyewekewa maneno yuko mbali, hajui hata kama kuna watu Bukoba wanamsikiliza. Ndiyo maana zinakaa mtandaoni miezi na miezi bila kuguswa. Ukaguzi usipoanza kwako, hauanzi popote.

Mfano wetu ni Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso, kwa kuwa sidhani kuna mtu humu ambaye video zake hazijamfikia. Traoré alichukua madaraka kwa mapinduzi tarehe 30 Septemba 2022 akiwa na miaka 34. Wanajeshi wa Ufaransa wakaondolewa mwaka uliofuata, na Januari 2025 nchi yake ikatoka rasmi ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya nchi za Afrika Magharibi, pamoja na Mali na Niger. Vijana wengi wa kwetu wanampenda na sababu zao zinaeleweka, sina ugomvi nazo. Aprili 2025 Jenerali Michael Langley, aliyekuwa mkuu wa kamandi ya jeshi la Marekani kwa Afrika, aliiambia kamati ya Seneti kwamba akiba ya dhahabu ya Burkina Faso inatumika kulinda utawala wa Traoré. Mwezi huohuo serikali yake ikasema imezima jaribio la mapinduzi, na tarehe 30 watu wakaandamana mji mkuu, Ouagadougou, kumuunga mkono. Hapo ndipo YouTube, Facebook na TikTok zilipofurika. Tukaona Beyoncé akimwimbia Traoré, Rihanna akimwimbia, Justin Bieber akimwimbia. Hakuna hata mmoja wao aliyeimba. Tukaona na Papa Leo XIV akimwandikia ujumbe.

Na mchezo huu haukuanza 2025. Januari 2023 zilisambaa video za watu nadhifu, waliovaa vizuri, wakiwahimiza Waburkinabe waunge mkono jeshi. Watu wale hawakuwa na pumzi. Walikuwa sura za kutengeneza za kampuni ya Synthesia, zile ambazo makampuni huzitumia kufundishia wafanyakazi. Kwetu tunawajua chawa, wale wanaolipwa kusifu wakubwa, na chawa ana jina, ana sura, unaweza kumuuliza amelipwa na nani. Hawa hawana wa kuulizwa.

Sasa twende kwenye kazi.

HATUA YA 1: Andika dai kwa sentensi moja

Kabla ya kuangalia midomo wala vidole, chukua karatasi au fungua sehemu ya kuandika kwenye simu. Andika nani kasema nini, lini, wapi, mbele ya nani. Kwa video ya Papa utaandika hivi: "Papa Leo XIV amemjibu Kapteni Traoré kwa hotuba ya ukweli, haki na upatanisho." Halafu jaza lini. Jaza wapi. Utaona nafasi zimebaki wazi, kwa sababu video za namna hii zina muziki wa huzuni na maneno mazito lakini hazina tarehe wala ukumbi. Nyingi zinaangukia hapahapa.

Dai lenyewe likishaandikwa, lipime kwa akili ya kawaida. Wimbo wa kumsifu Traoré wenye sauti ya R. Kelly, mwimbaji wa Marekani, ulisikilizwa na watu wengi sana. R. Kelly alihukumiwa miaka 30 jela Juni 2022, Traoré akaingia madarakani Septemba. Huo wimbo ulirekodiwa studio gani?

HATUA YA 2: Nenda nyumbani kwa msemaji

Mtu mkubwa ana mahali pake pa kusemea. Papa ana Vatican News, na Vatican News ina idhaa ya Kiswahili, tena ya siku nyingi. Kama Papa angemwandikia rais wa nchi ya Kiafrika ujumbe wa dakika 36 kama ule wa kwenye video, ungeukuta pale umetafsiriwa siku hiyohiyo. Ukitafuta unakuta kitu kingine kabisa: Vatikani yenyewe ilitoka Mei 2025 kusema video ile ni ya uongo.

Kwa wasanii nenda kwenye chaneli zao zilizothibitishwa. Beyoncé akitoa wimbo, dunia nzima itaandika. Hauwezi kukaa kwenye chaneli ya mtu asiyejulikana peke yake.

HATUA YA 3: Simamisha, piga picha ya skrini, tafuta ilikotoka

Hii ndiyo hatua ninayotaka muizoee mpaka mikono iifanye yenyewe. Simamisha video mahali ambapo uso na mandhari ya nyuma vinaonekana vizuri. Piga picha ya skrini. Kata maandishi na nembo walizoongeza, maana zinaipotosha mashine ya kutafutia. Fungua Google Lens, programu ya kutafuta kwa kutumia picha, ipandishe picha hiyo. Rudia kwa sehemu tatu au nne tofauti za video, kwa sababu wanaunganisha vipande vya sehemu mbalimbali. Mwenye kompyuta anaweza kuweka InVID-WeVerify kwenye kivinjari chake cha Chrome, nayo itamkatia video vipande vya picha.

Ukifanya hivyo kwa video ya Papa, unafika kwenye Ukumbi wa Paulo VI, Vatikani, tarehe 12 Mei 2025. Siku hiyo Papa Leo alikutana na waandishi wa habari waliokuja kuripoti uchaguzi wake. Sasa weka video mbili sambamba uone. Nguo ni ileile. Lakini kwenye ile halisi Papa anaanza na maneno machache ya Kiingereza kuhusu makofi aliyopigiwa, kisha anasoma hotuba yake kwa Kiitaliano. Kwenye ile ya bandia anaongea Kiingereza mwanzo mwisho, midomo imechezewa ifuate maneno mapya. Hotuba ya kweli iliwataja waandishi waliofungwa jela kwa ajili ya kutafuta ukweli, akaomba waachiwe. Na humohumo alizungumzia akili mnemba, kwamba inahitaji watu wawajibike na wapambanue. Maneno hayo yaliondolewa, yakawekwa ya kumsifu mwanajeshi. Mimi hili linaniuma kuliko nyimbo zote za Rihanna wa uongo, kwa sababu kuna waandishi waliokuwa gerezani siku ile wanatajwa na Papa, na watu wengi wa kwetu walisikia tu sehemu iliyobuniwa.

HATUA YA 4: Fumba macho usikilize

Sauti ya kutengeneza mara nyingi haichoki. Haikohoi, haimezi mate, haitafuti neno. Mtu anayeongea nusu saa lazima akwame mahali.

Kwa video zilizotiwa Kiswahili sisi tuna faida. Mashine nyingi bado zinaweka mkazo pasipo pake, zinasoma "ng'ombe" kama "ngombe", na zikifika kwenye mwaka zinaruka ghafla kwenye Kiingereza au zinasoma tarakimu mojamoja. Sikiliza pia majina: "Ouagadougou" likitamkwa namna tatu katika dakika moja, jua hakuna mtangazaji pale.

HATUA YA 5: Mchunguze mwenye chaneli

Fungua maelezo yaliyo chini ya video, yale ambayo hatuyafungui. Tangu 2024 YouTube inawataka wapakiaji waseme kama maudhui yanayoonekana ya kweli yametengenezwa au yamebadilishwa kwa mashine, na TikTok nayo ina alama yake. Wapo wanaoandika kabisa kwamba hadithi ni ya kubuni, ila wanaandika mstari wa mwisho, kwa maandishi madogo, baada ya kichwa cha habari chenye herufi kubwa.

Kisha angalia orodha ya video zake. Chaneli inayotoa video kadhaa ndefu kwa siku, zote za kiongozi mmoja, haina timu ya waandishi wanaosafiri. Na urefu una sababu. Ili YouTube ianze kukulipa sehemu ya matangazo unatakiwa wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video zako fupi ziwe zimetazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Video ya dakika 36 inajaza saa hizo upesi. Kwa hiyo usidhani kila mtengenezaji katumwa na Ouagadougou au Moscow. Wengine wamegundua tu kwamba mapenzi yetu kwa Afrika yanalipa.

HATUA YA 6: Angalia kama kuna waliokutangulia

Andika dai lako pamoja na jina la wakaguzi wa habari: PesaCheck, Africa Check au JamiiCheck. PesaCheck wanaandika na kwa Kiswahili. Hatua hii nimeiweka mwisho kwa makusudi, maana nyingi za video hizi hazijakaguliwa na mtu, na ukianza nayo ukakosa jibu utadhani video ni ya kweli.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, video nyingi napokea WhatsApp, hazina link wala jina la chaneli. Na bando langu ni la kuungaunga. Naanzia wapi?

Jibu: Anza na mishale iliyo juu ya ujumbe. Mishale miwili maana yake ujumbe umepita mikono mitano au zaidi tangu kwa mtumaji wa kwanza, yaani hata aliyekutumia hajui ulikotoka. Kisha fanya hatua ya 3. Picha moja ya skrini kwenye Google Lens inakula bando dogo kuliko hiyo video uliyokwisha kuipakua. Na hatua ya 1 haihitaji bando.

Swali: Mbona hujasema tuhesabu vidole? Mimi ndiyo njia yangu.

Jibu: Kwa sababu inakufa. Vidole sita, meno yanayoyeyuka, hereni ya sikio moja, hayo yalitusaidia 2023. Tangu Mei 2025 Google wanayo Veo 3, programu ya kutengeneza video inayotoa picha na sauti kwa pamoja, na kampuni ya OpenAI wakatoa ya kwao, Sora 2, mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo. Ukikuta kidole cha sita, vizuri, umeshinda. Usipokikuta haimaanishi kitu. Tarehe, ukumbi na chanzo haviwezi kurekebishwa na toleo jipya la programu.

Swali: Nisamehe, lakini hata kama ni ya kutengeneza, ujumbe ni mzuri. Afrika inahitaji kutiwa moyo. Ubaya uko wapi?

Jibu: Nakuelewa ndugu yangu. Niambie: umeshasikia Barsalogho? Ni mji wa Burkina Faso. Tarehe 24 Agosti 2024 raia walikuwa wanachimba handaki la kuulinda mji wao, wapiganaji wenye silaha wakawavamia, wakaua watu zaidi ya 100. Nchi hiyo ina watu takribani milioni mbili waliokimbia makwao. Kipindi cha mpito kilichotakiwa kuisha 2024 kimeongezwa miezi 60. Unaweza kumpenda Traoré ukiwa unayajua haya yote, wako Waburkinabe wengi wa namna hiyo. Lakini mtu aliyelishwa video za sifa mwaka mzima hajapata nafasi ya kuyajua, na mama aliyefiwa Barsalogho hana Beyoncé wa kumwimbia. Halafu fikiria upande wa pili. Siku serikali ile itakapofanya jambo jema la kweli, nani ataliamini, wakati kila mtu ameshaona sifa za kutengenezwa na mashine?

Swali: Baba yangu mzazi ndiye msambazaji mkuu kwenye grupu la ukoo. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Jibu: Usimsahihishe mbele ya watoto wa kaka zake. Mfuate pembeni. Kama yuko mbali, mwandikie hivi: "Shikamoo baba. Ile video ya Papa niliipenda nikataka kuisikiliza yote kutoka Vatikani kwenyewe. Nimekuta wenyewe wanasema si yao. Nakutumia taarifa yao uione." Basi, usiongeze neno "umedanganywa". Wazee wengi wakijua wenyewe wanarudi grupu kuwaambia wengine, na neno la mzee linafuta video haraka kuliko lako.

Swali: Kisheria nikisambaza sifa za uongo nina kosa? Simtukani mtu.

Jibu: Kwa Tanzania soma kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kinamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu, kutisha au kupotosha umma, na adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Hakikusema lazima iwe ya matusi. Kenya nao walitunga sheria yao mwaka 2018, na vifungu vya 22 na 23 viligusa taarifa za uongo; hakikisha kwanza kama bado vinatumika. Mimi si wakili, ukipata tatizo muone wakili.

Swali: Nikishathibitisha ni bandia nifanye nini? Niiposti niweke alama nyekundu ya X juu?

Jibu: Usiiposti upya, hata ikiwa na X. Mtu ataikata X aisambaze. Hifadhi jina la chaneli, tarehe na picha moja ya skrini. Iripoti kwenye mtandao ulipoikuta. Kwa YouTube bonyeza vitone vitatu, chagua kuripoti, kisha sababu ya udanganyifu. Tuma kiungo kwa PesaCheck au JamiiCheck. Na kwenye grupu, jibu chini ya ujumbe uleule wa kwanza, uweke video halisi na tarehe yake, ili anayepitia baadaye avikute pamoja.