Jinsi ya kuendesha mchezo wa bia ili watu waelewe biashara bila kuchoma mtaji

Watu wakisikia simulesheni ya biashara wanawaza programu ya bei mbaya, ila kundi jipya mimi naanza nalo na karatasi tu. Huu mchezo unaitwa mchezo wa bia, ulianzia chuo kikuu cha MIT kule Marekani zaidi ya miaka 60 iliyopita kwa profesa Jay Forrester, na mpaka leo unawatoa jasho hata mameneja wazoefu.

Hatua ya 1. Tafuta watu 4, kama ni wengi wakae wawiliwawili. Mmoja muuza rejareja, wa pili muuza jumla, wa tatu msambazaji, wa nne kiwanda. Kila mmoja anaanza na kreti 12 za bia stoo. Oda inachukua wiki 2 kufika kwa anayekuuzia, na mzigo wiki 2 kurudi, kwa hiyo ukiagiza leo utasubiri wiki 4 kama jamaa ana mzigo. Wakati mnaanza, weka kreti 4 njiani kwa kila wiki ya safari.

Hatua ya 2, sheria. Hakuna kuongea, mnapitishiana karatasi ya oda tu. Kreti iliyolala stoo inakula 0.50 kwa wiki, kreti unayodaiwa na mteja inakula 1. Anayeshinda ni mnyororo mzima, yani wote wanne kwa pamoja, wenye gharama ndogo, sio mtu mmoja, hii irudie maana kuna watu wataisahau dakika ileile.

Hatua ya 3. Kila wiki: pokea mzigo, soma oda, toa mzigo pamoja na deni la nyuma, andika stoo, alafu agiza. Mimi naongeza kitu kimoja, kabla ya kuagiza kila mtu aandike anategemea kuwa na stoo kiasi gani wiki 4 mbele. Inachelewesha kidogo lakini ndio itakayowasuta baadaye. Oda za wateja anaziona muuza rejareja peke yake: wiki 4 za kwanza ni kreti 4, kuanzia wiki ya 5 ni 8, basi, hazibadiliki tena. Waambie mtacheza wiki 50 ila simamisha wiki ya 36, la sivyo wataanza kumaliza stoo kwa makusudi.

Hatua ya 4 ndio yenyewe, usiikimbize. Kabla hujawaonyesha chochote waambie wale watatu wasiokuwa muuza rejareja wachore wanavyodhani oda za wateja zilikuwa. Wengi watakuchorea mawimbi, juu chini juu chini, na tayari wameshamlaumu muuza rejareja kwamba ni kichaa, alafu unaweka mezani mstari wa kweli, 4 kisha 8, kimyaa. Hapo ndio uwaambie hii inaitwa athari ya mjeledi, mtikisiko mdogo kwa mteja unafika kiwandani umeshakuwa mkubwa mara kadhaa. John Sterman, profesa wa MIT, alichapisha utafiti wake wa mchezo huu 1989, timu zilikuwa zinatumia kwa wastani karibu mara 10 ya gharama ya chini inayowezekana, na sababu kubwa ni watu kusahau mzigo walioagiza ambao bado uko njiani, yani unaona stoo tupu unaagiza tena, na tena, alafu yote inakuja kwa pamoja. Sasa watoe zile karatasi za makadirio ya stoo, walinganishe na stoo waliyokuja kuwa nayo kweli.

Hatua ya 5. Chezeni tena mkibadilisha kitu kimoja tu, mfano wote waone oda za mteja, au safari iwe wiki 1. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimesaidia.

Mchezo huu hauna bei, hauna mshindani, wala hauonyeshi keshi. Mkitaka hayo, jedwali la kompyuta linatosha: weka mauzo ya mkopo yanayolipwa baada ya siku 60 na wasambazaji wanaotaka hela ndani ya 30, pandisha mauzo kila mwezi, muangalie faida ikikua huku akaunti ikielekea sifuri.