Namna ya Kuandika Insha Binafsi ya Maombi ya Chuo Kikuu cha Marekani

Mwanafunzi wa Tanzania au Kenya anayeomba nafasi katika chuo kikuu cha nyumbani huulizwa alama zake, na ni nadra sana kuulizwa jambo jingine lolote linalomhusu yeye mwenyewe. Nchini Kenya KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, huwapanga wanafunzi kwa kutazama matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari; nchini Tanzania vyuo hupokea maombi kwa kufuata miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na kinachoamua ni ufaulu katika masomo yanayotakiwa. Ndiyo maana mwanafunzi huyohuyo anapofungua fomu ya chuo cha Marekani na kukuta swali linalomtaka aeleze siku alipoanza kutilia shaka jambo alilokuwa akiliamini, hukaa hana pa kuanzia, hata kama amekuwa wa kwanza darasani miaka yote. Hakupungukiwa na akili wala na maisha ya kusimulia. Hajawahi kuulizwa, basi.

Vyuo zaidi ya 1,000, vingi vikiwa vya Marekani, hupokea maombi kupitia fomu ya pamoja iitwayo Common App, ambayo hufunguliwa upya kila mwaka tarehe 1 Agosti. Insha yake kuu huwa na maneno yasiyopungua 250 wala kuzidi 650, nayo hujibu swali 1 kati ya 7. Swali moja hugusa asili au kipaji ambacho bila kukitaja maombi yako hayatakamilika. Jingine hugusa kikwazo au kushindwa. Jingine imani uliyoihoji. Jingine shukrani kwa jambo ambalo mtu alikutendea. Jingine tukio lililokukuza. Jingine mada inayokufanya usahau saa. Na la mwisho hukuachia uhuru wa kuandika utakalo. Nimewaona wanafunzi wakipoteza wiki nzima wakichagua swali, na kwa maoni yangu wiki hiyo hupotea bure, kwa sababu maswali yote 7 yana kiini kimoja: mtu huyu hufikiri vipi anapokutana na jambo lililomgusa? Tafuta kwanza jambo lenyewe. Swali la kuliweka chini yake utalipata baadaye, na mara nyingi litakuwa zaidi ya moja.

Mazoea ya kuyaacha mlangoni

Shuleni tumefundishwa kuifungua insha kwa methali. "Wahenga hawakukosea waliponena" ni mwanzo ambao mwalimu wa Kiswahili huupokea kwa furaha, nami nimeufundisha kwa miaka mingi na bado naupenda. Katika insha binafsi, hata hivyo, methali hukunyima kile unachotakiwa kukitoa, kwa kuwa methali ni hekima ya watu wote, na msomaji wa ofisi ya udahili anatafuta wazo ambalo lisingeweza kutoka kwa mtu mwingine isipokuwa wewe. Ni vivyo hivyo kwa jua linalochomoza na ndege wanaoimba katika aya ya kwanza: tukio halijaanza na maneno 40 yamekwisha.

Zoea la pili lina mizizi mirefu zaidi, nalo ni malezi. Mtoto aliyekuzwa vizuri kwetu hajisifu mbele ya wakubwa. Husema "tulifanikiwa" hata pale alipofanya kazi peke yake. Wanafunzi wengi, hasa wasichana, huniambia kwamba wanaona haya kuandika "mimi" mara kwa mara. Sitaki waache adabu hiyo, na insha haiwataki waiache. Kinachotakiwa ni kitendo, wala si sifa. Ukiandika kwamba wewe ni mvumilivu, umejisifu. Ukiandika kwamba ulihesabu fedha mara ya tatu wakati wenzako wamekwisha kwenda nyumbani, umesema ulichofanya, na msomaji ataona uvumilivu huo kwa macho yake bila wewe kuutaja.

La tatu nalisema kwa uchungu. Wapo watu, wengine wakiwa wenye nia njema kabisa, wanaowaambia vijana wetu kwamba Wamarekani hutoa ufadhili kwa anayelia zaidi, na hivyo mwanafunzi huandika njaa, viatu vilivyotoboka na kibatari hata kama hayo siyo yaliyomfanya awe alivyo. Shida iliyokugusa kweli usiifiche. Lakini ukiandika kuhusu umaskini wa nyumbani kwenu, jiulize kama mama yako angesomewa insha hiyo angejitambua kuwa mtu, mwenye maamuzi na ucheshi na ukali wake, au angejikuta amegeuzwa picha ya kuombea fedha. Mazingira magumu yanayoeleza alama zako, kama shule isiyokuwa na maabara au muhula uliokatizwa na msiba, yana mahali pake: sehemu ya maelezo ya ziada katika fomu hiyohiyo, na barua ya mwalimu wako. Yaandike huko kwa sentensi chache zilizo wazi, ili insha ibaki huru kuzungumzia akili yako.

Kutoka kwenye tukio hadi kwenye tafakuri

Nitatumia mfano mmoja nilioutunga kwa kufuata aina ya rasimu ninazoletewa, ili nisianike insha ya mtu. Tuseme ni msichana wa Morogoro ambaye tangu kidato cha pili amekuwa akiandika daftari la kikoba cha mama yake, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kila Jumamosi, kwa sababu macho ya katibu wa kikundi hayaoni vizuri. Rasimu yake ya kwanza inamalizika hivi: "Kazi hii ilinifundisha uwajibikaji, uaminifu na umuhimu wa kuisaidia jamii." Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na kijana yeyote wa nchi yoyote aliyewahi kushika kalamu, na kwa hiyo haimhusu yeye.

Ninapopata rasimu ya namna hiyo sianzi kusahihisha. Ninauliza. Ni Jumamosi ipi unayoikumbuka kuliko nyingine? Nani aliketi wapi? Ni jambo gani ulirudi nalo nyumbani likakukosesha usingizi? Mwanafunzi akijibu polepole, jambo hutokea. Siku moja mwanachama mmoja hakuleta hisa wala rejesho la mkopo wake, akatozwa faini ya shilingi 1,000, na msichana akaiandika kwa wino mwekundu kama kanuni za kikundi zinavyotaka. Kila mtu pale alijua kwamba mama yule alikuwa na mgonjwa nyumbani wiki nzima, hakuna aliyesema. Jumamosi iliyofuata msichana alichora safu mpya katika daftari, akaiandika juu "Sababu", akiamini kwamba sasa hesabu itakuwa ya haki. Mkutano ulipokwisha mama yule alimfuata, akamwomba kwa sauti ya chini aifute safu ile, kwa maana daftari husomwa na wanachama wote, na yaliyokuwa nyumbani kwake hakutaka yasomwe.

Insha yake imeanzia hapo. Aliamini kwamba kumbukumbu huwa ya haki zaidi kadiri inavyobeba mengi, kisha akakutana na mtu ambaye kwake kisichoandikwa kilikuwa ni stara. Sasa ana jambo la kufikiri kwenye karatasi: je, faini isiyo na sababu ni dhuluma, au ni ukimya ambao wanachama wamekubaliana kuutumia kuheshimiana? Nani ana haki ya kuamua ni nini kiingie katika daftari, anayeandika au anayeandikwa? Kama anataka kusoma takwimu au sayansi ya kompyuta, maswali hayo yanamfikisha huko bila yeye kulazimisha sentensi ya "ndiyo maana nimeamua kusoma", na kama hajui bado atasoma nini, maswali yanabaki kuwa mazuri vilevile.

Katika maneno 650, mimi humshauri mwanafunzi asitumie zaidi ya 250 kwa tukio lenyewe. Wengi hufanya kinyume: husimulia maneno 550, kisha hubandika somo mwishoni kama muhuri. Tafakuri inapaswa kuanza mapema na kuchanganyika na simulizi, mwandishi akisema alidhani nini wakati ule, alikosea wapi, na leo anaona nini ambacho hakukiona akiwa na miaka 15. Wala usibuni suluhisho. Kama safu ilifutwa na faini ikabaki palepale, andika hivyo. Insha inayokiri kwamba jambo fulani bado linakusumbua huaminika kuliko ile ambayo kila kitu ndani yake kimetengemaa.

Lugha ya kufikiria na lugha ya kuandikia

Insha huandikwa kwa Kiingereza, na hapa ndipo wanafunzi wetu wenye uwezo mkubwa hujiumiza. Wanafungua kamusi, wanachagua neno refu kuliko yote, na sauti yao inapotea. Ushauri wangu ni kwamba usianze kwa kuandika kabisa. Chukua simu, bonyeza kitufe cha kurekodi, na umsimulie dada yako au rafiki yako tukio lile kwa Kiswahili kama unavyolisimulia siku zote, pamoja na pale unaposita na pale unapocheka. Sikiliza sauti hiyo kesho yake. Mahali ulipoongeza kasi, na mahali msikilizaji alipouliza "ikawaje?", ndipo penye insha. Kisha andika kwa Kiingereza chepesi unachokimiliki, bila kutafsiri neno kwa neno. Neno kama kikoba liache lilivyo na ulieleze kwa kitendo: wanawake 20, sanduku la bati lenye kufuli 3, funguo zikishikwa na watu 3 tofauti. Msomaji ataelewa, na atakuwa ameingia katika chumba ambacho hakuwahi kukiona.

Fomu nyingine huuliza kwa namna yake, na insha ya Common App haiwezi kunakiliwa kila mahali. Vyuo vya University of California vina fomu yao wenyewe, yenye maswali 8 ambayo unayajibu 4, kila jibu likiwa na maneno yasiyozidi 350, na huko jibu la moja kwa moja hupendeza kuliko simulizi ndefu. Chuo cha MIT nacho kina fomu yake yenye majibu mafupi kadhaa. Stanford imezoea kumtaka mwombaji amwandikie barua mtu atakayeishi naye chumba kimoja, na University of Chicago inajulikana kwa maswali ya kushangaza; iliwahi kuuliza tu, "Tafuta x." Uingereza ni habari tofauti kabisa: kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya huko, wanaoomba kuanza masomo mwaka 2026 na kuendelea hujibu maswali 3 ndani ya herufi 4,000 kwa jumla, na yote yanahusu kozi, yaani kwa nini unaitaka, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya darasa umefanya nini kinachohusiana nayo. Kikoba kitaingia huko pale tu kinapokusogeza karibu na kozi yenyewe.

Wasomaji na ratiba

Rasimu ikikamilika, wape watu 2 waisome, mmoja anayekufahamu vizuri na mwingine asiyekufahamu. Usiwaulize kama ni nzuri, kwa sababu watasema ni nzuri. Waombe wakueleze, baada ya kuifunika karatasi, wamemwona mtu wa namna gani. Jibu likiwa "mchapakazi", rudi kazini. Jibu likiwa "mtu anayependa kila kitu kiandikwe, lakini ameanza kuogopa kalamu yake", umefika. Mwalimu wako anaweza kukuonyesha sentensi iliyolegea, lakini akikuandikia yeye, insha itakuwa na umri wa miaka 45. Wauzaji wa insha zilizokwisha kuandikwa waepuke kama unavyoepuka mtihani uliovuja. Programu za akili bandia nazo zina mpaka wake: kanuni za Common App huhesabu kuwasilisha maandishi ya programu hizo kana kwamba ni yako kuwa ni udanganyifu. Ushauri wa bure hupatikana kwa washauri wa EducationUSA.

Ratiba inahitaji hesabu, kwa sababu kalenda yao haifuati yetu. Maombi ya mapema hufungwa katika vyuo vingi tarehe 1 au 15 Novemba, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Mtahiniwa wa KCSE atakuwa katikati ya karatasi zake mwezi Novemba, kwa hiyo insha yake inapaswa kuwa imekwisha kabla ya Septemba kumalizika. Mwanafunzi wa kidato cha sita nchini Tanzania hufanya mtihani mwezi Mei, na akichaguliwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hatakuwa na kompyuta kambini. Huyo abebe daftari dogo, aandike matukio kwa mkono, na arudi akiwa na malighafi.

Saa ya kufunga katika Common App ni 5:59 usiku kwa saa za mahali ulipo, lakini usiisubiri, kwa kuwa umeme na intaneti havikuahidi lolote. Wasilisha angalau siku 3 kabla. Insha ibandike kutoka kwenye faili ulilolihifadhi kwingine, fungua nakala ya PDF ambayo fomu huitengeneza kabla ya kutuma, na uisome yote kwa sauti hadi neno la mwisho, ukihakikisha kwamba aya hazijaungana na kwamba jina lako limeandikwa kama lilivyo katika pasipoti.